Waya Chini ya Kaunta

Mutisya alikuwa juu ya paa, mguu mmoja kwenye vigae vyake na mwingine kwenye ukuta wa jirani, ameukumbatia mlingoti wa antena ya televisheni. Chini yake, mlangoni, alisimama huyo jirani mwenyewe, Jackton Ochola, karani wa reli, ambaye kazi yake jioni hiyo ilikuwa kupokea sauti kutoka ndani na kuirusha juu. Na ndani, mbele ya kompyuta iliyovuliwa kitambaa chake cha kufuma, alikaa Muthoki, mke wa Mutisya, akitazama kitaa cha kijani kikipepesa.

"Imeshika?" sauti ikatoka juu.

"Mama Kavinya, mzee anauliza kama imeshika."

"Haijashika. Inapepesa tu."

"Anasema inapepesa!"

"Kupepesa ni kuzuri! Hiyo inatafuta! Mwambie nageuza upande wa Kayole!"

Mlingoti ukalia kwe! Muthoki akangoja. Kitaa kikapepesa vilevile, si haraka zaidi, si polepole zaidi.

"Baba Kavinya, hapana," akasema, na Ochola akaunguruma "Hapanaaa!" hadi watu wa nyumba ya tatu wakatoka kuangalia.

Msomaji asicheke. Eastlands nzima ya Nairobi inajua kugeuza antena. Picha ikijaa chenga, mmoja anapanda, mmoja anakaa kwenye skrini, mmoja anasimama mlangoni, na mtaa mzima unatoa ushauri bila kuombwa. Ndivyo walivyopata mpira wa Kombe la Dunia mwaka uliotangulia, na ndivyo walivyopata kila kitu kilichokuwa kikipita hewani. Sasa mtu akikuuzia kadi yenye kijiti cha antena, akakuambia kwamba ndani yake kuna intaneti isiyotaka waya, utaipeleka wapi kama si juu? Mutisya alikata ule waya mfupi wa kijiti, akauunga na waya mrefu wa televisheni kwa selotepu nyeusi, akakifunga kijiti kwenye mlingoti kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kazi safi kabisa. Hata Ochola aliisifu.

"Jaribu upande wa Town," Ochola akasema sasa, amechoka kuwa mjumbe na kuanza kuwa fundi. "Mambo yote makubwa yako Town."

Walijaribu upande wa Town. Walijaribu upande wa uwanja wa ndege, kwa sababu Ochola alisema marubani lazima wawe na intaneti. Giza lilipoanza kuingia Mutisya alishuka, magoti yake meupe kwa vumbi, akaingia ndani bila kumtazama mkewe. Akawasha televisheni atazame habari. Ilikuwa chenga tupu.

Muthoki akairudishia kompyuta kitambaa chake. Alikuwa amebakiza siku mbili.

*

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Tangu ofisi ya serikali aliyokuwa akifanyia kazi ilipopunguza watu, Muthoki alikuwa akipiga chapa nyumbani, na mteja wake mkubwa, ukitaka kusema kweli mteja wake wa pekee wa kutegemewa, alikuwa Bwana Nahashon, meneja wa kampuni ndogo ya ripoti kule Hurlingham. Kwa mwaka mzima Muthoki alikuwa akichukua karatasi zilizoandikwa kwa mkono, anazichapa, anampelekea Nahashon disketi. Mshahara wa Mutisya wa kuendesha gari la mkate ulilipa nyumba. Disketi za Muthoki zililipa vingine vyote, pamoja na shule ya binti yao Kavinya, aliyekuwa sekondari ya bweni Machakos.

Kisha Nahashon akasema disketi zimepitwa na wakati. Kuanzia Ijumaa hii, anayetaka kazi atume kwa imeili na apatikane kwa imeili. Naye hakumaanisha kwenda cyber mara moja kwa siku, mahali ambapo dakika zilikuwa zinauzwa kama petroli na zingemeza malipo yote. Alitaka mtu aliyekaa kwenye mashine yake. Ukitumiwa masahihisho, unayarudisha papo hapo.

Imeili inataka modemu, na modemu inataka laini ya simu. Muthoki na Mutisya waliomba laini ya simu Kavinya akiwa darasa la nne. Kila mara Muthoki alipokwenda kuuliza, karani wa simu pale dirishani alimtazama mikono kwanza kuona imebeba nini, kisha ndiyo akamtazama uso. Chai. Si ya kunywa. Muthoki hakutoa, kwa ukaidi na kwa Ukristo, na laini haikuja. Nyumba mbili nyuma yao walitoa, na simu yao ilikuwa ikilia mchana kutwa, unaisikia hadi jikoni.

Ndiyo maana siku alipopita kwenye lile duka la kompyuta, orofa ya kwanza ya jengo moja karibu na barabara ya Tom Mboya, akaona bango la intaneti bila waya, miguu yake ilipanda ngazi kabla hajaamua. Kijana wa tai nyekundu alimpokea. Aliposikia jina la Muthoki uso wake ulifunguka. Naye alikuwa Nzau, mtu wa Kangundo! Akaacha Kiingereza, akaanza Kikamba, akamwita mwaitu, kama mtoto anavyomwita mama yake huko nyumbani. Mwaitu keti hapa. Mwaitu nikuletee soda.

"Nyumbani sina simu," Muthoki alimwambia waziwazi. "Nimeomba laini, sijapewa. Ndiyo shida yangu."

"Mwaitu, basi hii ilitengenezwa kwa ajili yako," Nzau akasema.

Akamwonyesha. Kompyuta ilikuwa juu ya kaunta, kadi nyembamba imeingizwa kwenye kisanduku mbele yake, na hapakuwa na waya wa simu ulioigusa. Nzau akabonyeza, na ukurasa ukafunguka, picha ikishuka polepole kutoka juu kama pazia. Muthoki aliona kwa macho yake. Zamu yake ya kupokea kwenye chama cha kuchangiana ilikuwa imefika wiki hiyo, pesa zilikuwa mkobani, na zote zilibaki pale kaunta.

*

Alhamisi alikwenda Hurlingham kuomba wiki moja zaidi. Msichana wa mapokezi alimwacha kwenye benchi la wajumbe, wale wanaoleta vifurushi, ingawa kulikuwa na viti vya wageni vitupu. Nahashon alitoka kwa haraka, kalamu sikioni.

"Mama Kavinya. Umeleta disketi tena?"

"Nimeleta maneno. Intaneti ninayo, bado tu haijashika. Nipe wiki moja."

"Haijashika?" Nahashon akatabasamu, na lile tabasamu halikuwa baya, ndiyo maana liliuma. "Sikiliza. Kuna dada mmoja wa mtaa wa Fedha, ametuma kurasa zake leo asubuhi kabla sijanywa chai. Chapa yake si nzuri kama yako, nakubali. Makosa tele. Lakini zimefika. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Kesho kabla hatujafunga. Ikifika, kazi ni yako. Isipofika, tusichukiane."

Tusichukiane! Mtu anakutoa tonge mkononi halafu anakuomba usikunje uso. Muthoki alisema asante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akatoka akiwa amejaa hasira, na hasira hiyo hakujua aielekeze wapi. Nahashon hakuwa amemdanganya. Nani basi alikuwa amemdanganya?

Nyumbani alimkuta Mutisya ameketi na kipande kipya cha bomba mapajani.

"Nimeambiwa kuna kitu cha kuongeza nguvu, kinaitwa booster," Mutisya akaanza. "Na tukiongeza urefu wa mlingoti..."

"Baba Kavinya, wacha."

"Shida ni zile orofa za kule mbele. Zinakinga."

"Nimesema wacha!" Kisha akashusha sauti, maana kuta za mtaa wao wa Komarock ni nyembamba na Ochola ana masikio. "Dukani ilishika bila mlingoti. Ilikuwa mezani. Chumba hakina hata dirisha la maana. Kwa nini ilishika?"

Mutisya akaligeuza lile bomba mikononi. "Pengine nimeiharibu mimi," akasema mwishowe. "Nilipokata ule waya."

Hilo lilimkata Muthoki maini kuliko benchi la wajumbe. Mume wake, aliyehatarisha shingo juu ya paa kwa ajili yake, amekaa anajilaumu, na kijana wa tai nyekundu mahali fulani anakula chakula chake cha jioni kwa raha.

"Kesho narudi dukani," akasema. "Nenda cyber basi, utume hii moja," Mutisya akamwambia. "Na Jumatatu?" Muthoki akauliza. "Na Jumanne?" Mutisya akaliegemeza bomba ukutani.

Asubuhi alichomoa kadi, akaifunga ndani ya kile kitambaa cha kompyuta ili isikwaruzwe, akaweka na disketi ya ripoti mkobani.

*

Nzau alikuwa na mteja, mwanaume wa suti ya kijivu aliyekunja mikono kifuani akitazama ukurasa ukishuka kwenye skrini ileile, juu ya kaunta ileile. Muthoki akangoja zamu yake. Alingoja vya kutosha kuona kwamba Nzau amemwona na ameamua kutomwona.

"Yes, mama?" Nzau akasema hatimaye. Mwaitu ilikuwa imekwenda na pesa.

"Ni mimi, Muthoki wa Komarock. Kadi haishiki."

"Mmeiweka wapi antenna?"

"Kwenye mlingoti wa televisheni. Juu ya nyumba."

Nzau akamtazama. Kisha akacheka, akageuka akawaita wenzake wawili wa nyuma, akawaeleza kwa Kiingereza cha mbiombio: huyu mama ameipandisha juu ya paa pamoja na ya TV. Wakacheka wote watatu. Hata yule wa suti alitabasamu, akitazama viatu vyake.

"Mama, hii si TV," Nzau akasema, akijifuta macho. "Huwezi kuishika kutoka hewani hivyo."

"Wewe uliniambia inakuja hewani."

"Inakuja hewani kutoka kwa base station. Kadi inaongea na base station. Ni vitu viwili, hivi na hivi. Hiyo base ikiwa mbali, kadi inatafuta tu."

"Na hiyo base ya hapa iko wapi?"

Jicho la Nzau lilimponyoka, likatazama chini upande wa kushoto, mara moja tu. Muthoki aliliona. Akaweka mkoba sakafuni, akainama, mama mzima na sketi yake ya kanisani, akachungulia chini ya kaunta. Kulikuwa na kisanduku cha kijivu chenye taa za kijani. Hazikupepesa, ziliwaka tu, zimetulia. Na nyuma ya kisanduku ulitoka waya. Akaufuata kwa kidole. Ulipita chini ya zulia, ukapanda ukutani, ukaingia kwenye tundu la simu.

"Hii ni nini?" akauliza akiwa bado ameinama, ingawa alijua.

"Hiyo ni laini ya simu."

Muthoki akainuka polepole. Magoti yakalia. Yule wa suti alikuwa ameacha kutabasamu.

"Mimi nilikwambia sina simu," Muthoki akasema. "Nilisema kwa mdomo huu. Ukaniambia hii imetengenezwa kwa ajili yangu."

"Hukuuliza kuhusu base station."

"Ningeulizaje kitu nisichojua kama kipo?"

Ukitaka kujua jinsi watu wanavyoibiwa katika mji huu mchana kweupe, bila kisu, bila kelele, shika jibu hilo la Nzau. Hukuuliza. Karani wa simu anayekaa juu ya laini yako atakuambia vivyo hivyo. Wanaficha nusu ya kitu, wanakuuzia nusu nyingine, halafu ukirudi unalia wanakucheka kwa kukosa kujua habari ya ile nusu waliyoificha wao.

"Nirudishieni pesa zangu," Muthoki akasema.

Kwa sababu sauti yake ilikuwa imepanda, mlango wa nyuma ulifunguka akatoka mwenye duka, Bwana Muturi, mtu mnene mwenye adabu, akiwa na leso ya kufutia mikono. Akaelezwa. Akaonyesha tangazo ukutani, la Kiingereza, maandishi madogo, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi isipokuwa imekuwa mbovu.

"Basi ni mbovu," Muthoki akasema.

Muturi akaichukua kadi, akaona waya uliokatwa na mabaki ya selotepu nyeusi. "Madam, mmeikata. Ikiwa ni mbovu, mmeiharibu wenyewe, na hapo hatuna la kufanya."

"Na ikiwa ni nzima?"

"Ikiwa ni nzima, haina ubovu. Pia hatuna la kufanya." Alisema hivyo kwa upole sana. "Nzau, hebu ijaribu, madam ajionee mwenyewe. Hatutaki mtu aondoke akidhani tumemwuzia kitu kibaya."

Nzau akachomoa kadi ya duka, akaingiza ya Muthoki, na ule mkia wake uliokatwa ukining'inia. Kitaa kikapepesa kidogo. Halafu kikatulia, kijani, imara, kama Muthoki alivyokiomba kitulie kwa jioni ngapi. Nzau akabonyeza, ukurasa ukashuka.

"See? Haina shida yoyote. Kadi yako ni nzima kabisa."

"Imeshika," Muthoki akasema, na alishangaa kusikia sauti yake imetulia.

"Imeshika sana."

"Nashukuru." Akazunguka kaunta, akavuta kiti cha Nzau, akaketi. Akafungua mkoba, akatoa disketi, akaiingiza.

"Mama, unafanya nini?"

"Natuma kazi yangu. Nilinunua kadi ya intaneti. Kadi ni nzima, mmesema wenyewe, na huyu bwana ni shahidi. Inashika hapa tu, kwangu haishiki. Basi nitafanyia kazi hapa."

"Hicho kiti ni cha wafanyakazi," Muturi akasema, adabu ikianza kupungua. "Na hiyo mashine ni ya kuonyeshea wateja."

"Si mimi ni mteja? Nionyesheni."

Vidole vya Muthoki vilikuwa vimeshapata nyumba yao kwenye kibodi. Alichapa anwani ya Nahashon, akaambatanisha ripoti kama alivyofundishwa kwenye kozi ya kompyuta, akatuma. Mstari mdogo ukaanza kujaa kwenye skrini, polepole, polepole. Muturi akauangalia, akaangalia mlango ambako watu wawili walikuwa wanaingia kutoka ngazini, akainama chini ya kaunta na kushika ule waya wa simu.

"Bwana," yule wa suti akasema, kwa mara ya kwanza. "Ukiuchomoa huo, mimi hapa nitaamini nini?"

Mkono wa Muturi ukabaki hapohapo kwenye waya. Uso wake ulikuwa umetota jasho kwa kuinama. Bila waya huo hakukuwa na ukurasa wa kushuka, wala bango, wala biashara. Akauachilia.

Mstari ukajaa. Imekwenda.

"Madam," yule wa suti akamgeukia Muthoki, "hii kitu kweli inafanya kazi?"

"Inafanya, ndugu yangu. Wewe una simu nyumbani?"

"Sina. Ndiyo maana nilikuja."

"Basi inama hapa uone waya. Halafu ukinunua, uje na kiti chako, maana ukivuka mlango huo inakatika."

Wale wawili waliokuwa wameingia nao wakainama. Mmoja akapiga mluzi. Nzau alisimama na mikono yake, hajui aiweke wapi, na wenzake wa nyuma hawakuonekana tena. Yule wa suti akafunga vifungo vya koti lake, akamuaga Muthoki peke yake, akashuka ngazi.

Hawakumrudishia pesa siku hiyo. Muturi alirudi chumbani kwake akaubamiza mlango, bila shaka akidhani mwanamke huyu atachoka. Lakini alikuwa amezoea mabenchi, huyu. Alikaa. Baada ya muda skrini ikamletea jibu la Nahashon: ripoti imefika, kumbe imeshika, haya masahihisho, yarudishe leo. Muthoki akayasoma mara mbili. Machozi yalimjia, akayakemea, akaanza kuchapa. Kila aliyepanda ngazi na kuuliza bei aliambiwa na mama aliyekaa kwenye mashine, bila kuinua kichwa, aanze kwanza kwa kuchungulia chini ya kaunta. Hakuna aliyenunua.

Walipoanza kuzima taa za duka masahihisho yalikuwa yamekwenda. Muthoki akachomoa kadi yake, akairudisha mkobani. Kile kitambaa alichokuwa ameifungia kadi, cheupe, chenye maua pembeni, alikikung'uta, akakitandaza juu ya skrini ya duka, akakinyoosha pembe zote kama afanyavyo nyumbani ili vumbi lisiingie.

"Kesho mnafungua saa ngapi?" akauliza.

Nzau alikuwa karibu na mlango, funguo mkononi. Alitazama kitambaa, akatazama mlango wa bosi wake uliofungwa.

"Saa mbili, mwaitu," akasema kwa sauti ya chini.

Safari hii Muthoki hakumwitikia.